Matembezi ya Klabu za Malihai na Elimu ya Wasasi Wetu

Wako watu, na miongoni mwao wamo wasomi, wanaodhani kwamba kumtazama mnyama wa mwitu pasipo kumwinda ni mchezo wa Wazungu, ulioletwa nchini pamoja na kofia ya jua na darubini. Mwanafunzi akionekana amechuchumaa kichakani, akiandika habari za ndege katika daftari lake, huulizwa kama amepotelewa na kitu. Katika insha hii twakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Klabu za wanafunzi zijulikanazo kwa jina la Malihai, ambazo sisi nasi tulipata kuwa wanachama wake, zina asili mbili: moja imeandikwa vitabuni, na nyingine haikuandikwa popote. Mfano wetu tutautoa Mbezi Luis, nje kidogo ya Dar es Salaam, kwa sababu ndiko tulikosomea na ndiko tulikotembea.

Msomaji anayeijua Mbezi Luis kwa ajili ya kile kituo kikubwa cha mabasi ya mikoani kilichofunguliwa mwaka 2021 na kupewa jina la Rais Magufuli, atapata taabu kuamini tutakayoyasema. Katika miaka ya 1980 Barabara ya Morogoro ilipita hapo katikati ya mikorosho, miembe na mashamba ya mihogo, na usiku ulipoingia giza lilikuwa giza kweli. Upande wa kaskazini, kuelekea Mto Mpiji, upo msitu wa Pande. Upande wa kusini viko vilima vya Pugu na Kazimzumbwi, ambako Mto Msimbazi huanzia safari yake ya kwenda baharini. Misitu hii ni masalio ya misitu ya pwani ambayo vipande vyake vimetawanyika tangu Somalia hadi Msumbiji, na ndani yake wamo viumbe wasiopatikana mahali pengine popote ulimwenguni. Sisi tuliokuwa tukiokota kuni kandokando yake hatukuwa na habari hiyo.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, nyama ni kile kilicho chunguni, na nyama ndiye pia yule aliye porini. Wageni wengi wamelicheka jambo hili, wakasema kwamba Mwafrika akimwona paa huona kitoweo tu. Huo ni upungufu wa kufikiri. Mtu anayetegemea kumpata paa kwa mtego, rungu na mbwa, bila bunduki, hana budi kumjua paa huyo kuliko mtu mwingine yeyote: anakula nini mvua zinapokatika, ananywa wapi, analala upande gani wa kichuguu upepo wa kusi unapovuma. Msasi wa Kizaramo alikuwa mtazamaji kwanza, na muuaji baadaye. Na siku nyingi alirudi nyumbani mikono mitupu, akiwa ametazama tu. Elimu hiyo aliirithi kwa baba au kwa mjomba, akaipokeza kwa kijana aliyemfuata nyuma kwa ukimya. Haikuwa na daftari, lakini ilikuwa na majina. Lugha yetu ina mlembe, anayemwongoza mrina asali kwenye mzinga. Ina shorewanda, kurumbiza, mnana, hondohondo na kulasitara. Twamwomba mwalimu anayesoma haya awaulize wanafunzi wake ni wangapi kati ya hao wanaoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Kilichotokea ni kwamba elimu hiyo iligeuzwa kuwa kosa. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika nchi yote iliyokuwa chini ya Wajerumani. Uwindaji ukawa wa leseni na malipo, na maeneo ya kwanza ya akiba yakatengwa. Hatusemi kwamba hapakuwa na haja ya kuwalinda wanyama. Tembo walikuwa wakiuawa ovyo kwa ajili ya biashara ya pembe, na bunduki za wageni zilikuwa na sehemu kubwa katika uharibifu huo. Lakini sheria ilipokuja, aliyeweza kulipa aliitwa mwindaji, na asiyeweza, ambaye babu zake walisasa hapo, akaitwa mwizi. Waingereza walipoitwaa nchi waliendelea na njia hiyo hiyo, na vijijini akajulikana mtu mpya aliyeogopwa sana, Bwana Nyama. Jina hilo la wananchi lina kejeli ndani yake, nasi twalipenda kwa sababu hiyo: bwana mmoja, nyama wote wake.

Wakati huo huo Wazungu waliokuwa na nafasi walianza kuunda vyama vya kuchunguza viumbe. Mwaka 1909 kilianzishwa mjini Nairobi Chama cha Elimu ya Viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, ambacho ndicho mama wa vyama vya namna hii katika sehemu zetu, na ambacho kingali hai hadi leo. Dar es Salaam nayo ikapata, mwaka 1936, jarida la Tanganyika Notes and Records, ambamo maofisa wa serikali waliandika habari za ndege, nyoka, makaburi na mila. Kazi hizo zina manufaa na sisi tumezisoma. Walakini, katika kurasa nyingi Mwafrika hutokea kama mchukuzi wa masanduku, au kama ‘mwenyeji mmoja’ aliyeonyesha tundu la mnyama.

Mfano mkubwa wa jambo hili hauko Mbezi bali Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya dinosaria, ikabebwa vichwani hadi bandarini Lindi, na mojawapo ya mifupa hiyo iliyounganishwa imesimama hadi leo katika jumba la makumbusho la Berlin. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuitambua na kuitayarisha mifupa hiyo kwa ustadi uliosifiwa na wataalamu wenyewe. Ilipofika mwaka 2007 ndipo mtaalamu mmoja alipompa dinosaria wa Tendaguru jina la kitaalamu linalomkumbuka Boheti. Karibu miaka mia ilikuwa imepita.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kuchukua sura nyingine, ingawa si kwa mkupuo. Mnamo Septemba 1961, miezi michache tu kabla ya bendera kupandishwa, Mwalimu Nyerere alitoa huko Arusha tamko la kuahidi kwamba taifa jipya litawatunza wanyama wake kama amana. Chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963 ili Waafrika wenyewe wafunzwe kazi hiyo. Mwaka 1973 uwindaji ulipigwa marufuku nchini kwa muda, na mwaka 1974 ikapitishwa sheria mpya ya wanyamapori. Lakini kwa kijana wa kawaida wa shule, hasa wa pwani, wanyama walibaki kuwa kitu cha Serengeti, cha kutazamwa na watalii na kuonekana kwenye noti za benki. Wenzetu wa Kenya walikuwa wametutangulia, kwani wanafunzi wao walianzisha klabu za wanyamapori tangu mwaka 1968. Kwetu klabu za Malihai zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, makao yake yakiwa Arusha, zikasambaa katika shule za msingi, sekondari na vyuo.

Jina hilo, mali hai, lilitungwa kwa akili. Aliyelibuni alikwepa neno nyama, akaweka mahali pake neno mali, na mali ni kitu ambacho kila Mswahili anajua namna ya kukitunza. Hata hivyo, sisi tunaopimapima maneno kwa kazi ya ushairi hatukosi kuuliza: mali ya nani? Swali hilo halikuwa letu. Tuliulizwa.

Klabu ya shule yetu ilipoanza, mwaka 1986, ilikuwa na wanachama thelathini na wawili, mwalimu mmoja wa baiolojia mwenye moyo, na darubini moja ya kuazima ambayo jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu. Matembezi ya kwanza yalikuwa ya aibu. Tulitoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri, tukaenda Pande kwa mguu mwendo wa zaidi ya saa mbili, tukiimba nyimbo za mchakamchaka njia nzima. Tuliingia msituni kama tunavyoingia uwanja wa mpira. Hadi saa sita mchana tulikuwa tumeona kinyonga mmoja, vipepeo, na kunguru waliotufuata kwa ajili ya mihogo yetu ya kuchemsha. Katibu wa klabu aliandika katika taarifa kwamba msitu wa Pande hauna wanyama.

Mwalimu wetu hakuikubali taarifa hiyo. Alikwenda kwa mzee mmoja aliyekaa karibu na msitu, ambaye watu walisema kwamba ujanani mwake alikuwa msasi. Mzee akakataa. Alikuwa amewahi kufungwa miezi kadhaa kwa sababu ya paa mmoja, na alipomwona mtu aliyevaa suruali ya kaki akiuliza habari za wanyama, alidhani amekuja kumtega. Mara ya pili mwalimu alituchukua sisi wachache twende naye. Tulimwamkia, ‘Shikamoo babu,’ naye akaitika, ‘Marahaba, wajukuu zangu,’ akatutazama kwa muda. Ndipo alipouliza:

‘Sasa mkisha kumtazama huyo mnyama, mwafanyaje?’

Mwalimu akajibu kwamba tunaandika.

‘Na mkisha kuandika?’

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwanachama mmoja akasema kwamba wanyama ni mali hai ya taifa. Mzee akacheka, akasema, ‘Mali ya taifa ndiyo iliyonifunga mimi. Kwani mimi si taifa?’ Hakuyasema kwa hasira. Kisha akasimama, akachukua fimbo yake, akatuambia tumfuate, na yeyote atakayezungumza arudi kwao.

Siku hiyo tulijifunza mengi kuliko katika muhula mzima. Alitukataza kutembea kwa mfululizo. Hatua kumi, kisha kusimama. Hatua kumi, kisha kusimama. Kwa maana mnyama, alisema, huogopa mwendo wa mtu kwa kuwa ni mtu peke yake anayetembea kama mwenye deni. Halafu alituketisha, kila mmoja na mti wake mgongoni, akatuambia tukae mpaka msitu utusahau. Tulikaa, na mbu wakatuuma. Baada ya muda ambao hakuna aliyekuwa na saa ya kuupima, majani makavu yakaanza kuchakura mbele yetu, akatokea sange.

Kwa mwanafunzi asiyemjua, sange ni mnyama mdogo mwenye miguu myembamba na pua ndefu inayochezacheza kama mkonga. Huyu wa misitu yetu ya pwani ana rangi ya kutu kichwani na mabegani, na weusi mgongoni hadi matakoni, na ukubwa wake wakaribia ule wa sungura mchanga. Hutembea mchana, akichokoa wadudu kwa pua yake katika majani yaliyoanguka. Mzee alitusogeza, akatuonyesha kwa fimbo rundo la majani chini ya kichaka, ambalo sisi tungelipita mara mia bila kuliona. Alisema hicho ndicho kitanda chake, kwamba hujenga vingi, na kwamba anayetaka kumnasa hutafuta vitanda kwanza. Miaka mingi baadaye tulisoma katika vitabu vya wataalamu maelezo hayo hayo ya viota vya majani. Hapakuwa na neno ambalo mzee hakutuambia, isipokuwa lile la Kilatini.

Tangu siku hiyo klabu yetu ilitembea mara moja kwa mwezi, na mzee akawa mwalimu wetu asiye na mshahara. Tulimpelekea sukari. Tulikwenda naye Pugu, kwenye mapango ya machimbo ya zamani yenye popo, ingawa huko alisema yeye ni mgeni na hakutaka kufundisha. Mara moja tulifika Kunduchi, kwenye mikoko, kuwatazama ndege wa pwani ambao baadhi yao huja kutoka nchi za baridi za kaskazini na kurudi huko kuzaa. Tulikuwa pia na kazi ya kuhesabu kunguru. Wapo kunguru wetu wa asili, wenye kifua cheupe, na wapo hawa wenye shingo ya kijivu walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, wakavuka hadi bara, wakawafukuza wenyeji na kula makinda ya ndege wengine. Hesabu zetu za Mbezi zilionyesha wageni wakiongezeka kila mwaka. Juu ya bundi tutasema kwa ufupi tu: wazazi wawili waliwatoa watoto wao katika klabu baada ya kusikia kwamba tunawafuata bundi usiku, na mwalimu wetu aliona ni heri kuiacha habari hiyo.

Jambo lililotufanya tuandike insha hii lilitokea katika matembezi ya usiku. Kila mtu wa pwani anamjua komba, hata waliokulia mjini, kwa ajili ya usemi wa ‘kulewa kama komba’. Kwani huyu mkubwa hupenda tembo la mnazi na hunaswa akiwa hajiwezi. Lakini wako komba wadogo pia, wa kukaa katika kiganja, ambao huonekana kwa nadra na kusikika sana. Tuliketi pembeni mwa msitu, tochi zimezimwa. Mzee akatuambia tusikilize vizuri, kwa sababu hao wadogo si wamoja. Mmoja, alisema, hulia mojamoja, kama mtu mmoja anayetwanga kinuni. Mwingine hulia mbilimbili, kama wanawake wawili wanaopokezana michi katika kinu kimoja. Tulisikia. Au tuseme, baadhi yetu tulisikia, na wengine walikubali kwa heshima.

Katibu wa klabu wakati huo alikuwa mmoja wetu sisi tunaoandika haya. Aliandika: ‘Komba wadogo, aina mbili, kwa mujibu wa mzee.’ Siku ya pili, katika maktaba ya shule, tulitazama kitabu cha wanyama kilichokuwapo. Kilitaja komba mdogo wa pwani wa aina moja tu. Tukachukua kalamu ya wino na rula, tukapiga mstari juu ya maneno ‘aina mbili’, tukaandika ‘aina moja’. Hakuna aliyetulazimisha. Tulikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na kitabu kilikuwa kimechapishwa London.

Mzee huyo alifariki kabla ya mwaka 1990, ambao ndio mwaka msitu wa Pande ulipopandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Hakuacha mrithi wa elimu yake. Wanawe walikuwa makuli na madereva mjini, na hatuwalaumu.

Katika miaka hiyo ya 1990 wataalamu walioizungukia misitu ya pwani wakiwa na vinasa sauti waligundua kwamba komba wadogo wanafanana mno kwa sura, lakini hutambulikana kwa milio yao. Kwa njia hiyo, mwaka 1997, alitangazwa rasmi komba wa Rondo, aliyepewa jina la uwanda wa juu wa Rondo ulioko Lindi. Uzito wake ni gramu sitini hivi, na mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa. Hajapata kuonekana nje ya Tanzania. Misitu anamoishi ni michache na midogo, na miongoni mwayo imo Pugu na Pande. Amewahi kutajwa zaidi ya mara moja katika orodha ya jamii 25 za kima, nyani na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Mlio wake, kama wataalamu wanavyoueleza, hurudiwa kwa sauti mbilimbili. Ule wa jirani yake, komba wa Unguja, hurudiwa kwa sauti mojamoja.

Hatudai kwamba mzee wetu ndiye mgunduzi. Sayansi ina masharti yake, ya vipimo, ya kulinganisha na ya kuthibitisha, na masharti hayo ni ya haki. Bila hayo kila mtu angekuwa na komba wake. Tunachosema ni kwamba tulikuwa na neno la kweli mkononi, limeandikwa kwa mkono wetu, tukalifuta. Na tunashuku kwamba daftari zilizofutwa hivyo nchini mwetu si moja.

Dar es Salaam, ambayo mwaka 1988 ilikuwa na watu milioni moja na laki tatu na ushee, ilihesabiwa mwaka 2022 kuwa na zaidi ya milioni tano na laki tatu. Pande, yenye eneo lisilofika kilomita za mraba ishirini, imezungukwa na viwanja, matofali na milio ya bodaboda. Mbezi yenyewe si ya Kinondoni tena bali ya Ubungo. Wasasi hawapo. Lakini wazee waliokulia kando ya misitu hiyo, waliochunga, waliochoma mkaa, waliorina asali, wangali wapo kwa miaka michache, na klabu ya shule inayotoka kwenda matembezini inaweza kuanza kwa kubisha hodi kwao, daftari likiwa wazi, na kalamu iandike kwanza kila linalosemwa kabla ya kitabu kufunguliwa. Majina yaandikwe kama yanavyotamkwa. Msemaji naye atajwe kwa heshima yake.

Hivi karibuni tulialikwa na mwalimu mmoja wa huku kwetu tuandamane na wanafunzi wake, kwa ruhusa ya wenye kulinda pori. Tulifika magharibi. Taa za mji ziliangaza mawingu, na mngurumo wa magari haukukoma, kwa hiyo ilitubidi kungoja sana. Yapata saa mbili na nusu usiku sauti ilitoka juu ya miti, ikanyamaza, ikatoka tena. Hatukuwaambia wanafunzi neno lolote kuhusu kinu wala michi. Msichana mmoja aliyekaa karibu nasi alikuwa ameinua mkono gizani, akihesabu kwa vidole, na kila mara alikuwa akivikunja viwili viwili.